Ndege inakatakata kabla ya kutua: chunguza haya kabla ya kununua kadi ya grafiki

Mwalimu mmoja wa hesabu alishuka kwenye matatu kutoka Mumias akiwa amekumbatia kompyuta yake, ameifunga kwa leso mbili ili isikwaruzwe. Hata kabla hajaketi akaniambia, "Fundi, nitafutie kadi kubwa kuliko hii. Hii imenishinda." Kwenye simuleta, ile programu ya kuigiza urushaji wa ndege, akiwa juu ya Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, ndege yake inakwenda laini. Akianza kuteremka atue Kisumu, barabara ya kurukia namba 06, picha inaanza kukatakata, na kufikia futi 300 anatua kwa kubahatisha. Kadi yenyewe ilikuwa na miezi minne tu, na aliinunua kwa pesa alizodunduliza karibu mwaka mzima.

Nilimwambia, "Mwalimu, hebu tutue pamoja kwanza." Tukaunganisha monita, tukawasha simuleta, tukateremka. Nikamwonyesha kwenye kioo: ndege ikikatakata hivyo, kadi ilikuwa inafanya kazi nusu ya uwezo wake. Muda mwingine wote ilikuwa inasubiri kupewa kazi. Angenunua kadi ya bei mara mbili, nayo ingekaa kusubiri vilevile.

Nimeliona jambo hili mara nyingi mno hapa Kisumu, na linaniuma. Wengi wanaoniletea mashine za kurusha ndege ni vijana wanaojiandaa kwenda shule za urubani pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, au wazazi wao. Wanataka mtoto azoee chumba cha rubani kabla ya kulipia saa ya ndege halisi. Shilingi ikipotelea kwenye kadi isiyohitajika, hairudi. Kwa hiyo nitaanza na dalili. Majina ya kadi yatakuja mwishoni, ukishajua unatibu nini.

Jaribio moja, ulirudie lile lile

Watu wengi hupima kwa hisia. Leo wanaruka Nairobi kwenye mvua, kesho Kitale kwenye jua, halafu wanasema kompyuta imekuwa nzito. Tengeneza safari moja uihifadhi. Mimi hutumia ndege ndogo ya Cessna 172, maili tano kabla ya barabara ya 06 ya Kisumu, saa sita mchana, anga safi, bila ndege nyingine. Kiwanja chetu kwenye simuleta zote kina msimbo HKKI, kimo chake futi 3,700 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na ukija upande wa 06 unatoka ziwani, kwa hiyo mzigo unaongezeka hatua kwa hatua: maji, kisha ufuo, kisha nyumba na miti, kisha kiwanja chenyewe. Ni mtihani mzuri kuliko kuzunguka hewani tu.

Irushe mara tatu jinsi mipangilio yako ilivyo, uandike idadi ya fremu, yaani picha zinazochorwa, kwa sekunde pale inapokuwa mbaya zaidi. Kisha badilisha kitu kimoja tu: punguza ukubwa wa picha kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720. Usiguse kingine. Irushe tena.

Kazi kubwa ya kadi ya grafiki ni kupaka rangi nukta. Picha ya 1080 ina nukta 2,073,600. Ya 720 ina 921,600, yaani chini ya nusu. Prosesa nayo inahesabu mambo mengine kabisa: hewa inavyobeba mabawa, ndege za wengine, ardhi inayopaswa kuonekana mbele, vyombo vya rubani. Hesabu hizo hazipungui hata picha ikiwa ndogo kama stempu. Ukipunguza picha na fremu zikapanda sana, kadi ndiyo iliyolemewa. Ukipunguza na fremu zikabaki pale pale, funga mfuko wako. Kadi haina kosa.

Microsoft Flight Simulator hata inakwambia yenyewe. Washa hali ya wasanidi (Developer Mode) kwenye mipangilio, uonyeshe kidirisha cha fremu, nawe utasoma "Limited by MainThread" au "Limited by GPU". Neno la kwanza ni prosesa, la pili ni kadi. X-Plane 12, simuleta nyingine, inaonyesha muda ambao prosesa na kadi kila moja inatumia kwa fremu moja, na mwenye muda mrefu ndiye anayewachelewesha wengine. Kwa FlightGear, ambayo ni ya bure na inaendeshwa hata na mashine dhaifu, lile jaribio la kupunguza picha linatosha.

Jambo jingine kuhusu fremu: usikimbizane na 60. Huu si mchezo wa kupigana risasi. Fremu 30 zilizotulia, moja kila milisekunde 33, zinatosha kabisa kutua vizuri. Kinachokuharibia kutua ni fremu zinazoruka kutoka 45 hadi 14 na kurudi. Ukiweza kuifungia mashine isipite 30, mara nyingi kukatakata kunapungua bila kununua chochote.

Laini angani, inakatakata karibu na kiwanja

Hii ndiyo iliyokuwa dalili ya mwalimu, na ndiyo inayonijia kuliko zote. Chanzo ni prosesa, na nyuma yake mara nyingi kuna RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta.

Kompyuta nyingi tunazouziana huku magharibi ni zile za ofisi zilizotumika Uingereza zikaletwa hapa, za Dell na HP, zenye prosesa za Intel za mwaka 2012 au 2013. Ni mashine imara, na mimi nazipenda. Lakini simuleta ya ndege hupakia kazi kubwa kwenye uzi mmoja mkuu wa prosesa, na uzi huo haugawanyiki kirahisi hata ukiwa na viini vingi. Flight Simulator ya 2020 inataja Core i5-4460 kuwa kiwango cha chini kabisa, na i5-8400 kuwa kinachopendekezwa. Mwenye i5 ya kizazi cha nne amesimama kwenye ngazi ya mwisho. Flight Simulator 2024 imeipandisha ngazi hiyo juu zaidi, hadi i7-6800K kwa kiwango cha chini.

Nilipofungua ya mwalimu nilikuta kipande kimoja cha RAM cha GB 8 kwenye tundu moja, na matundu matatu matupu. Prosesa yake ina njia mbili za kuzungumza na RAM, naye alikuwa ametumia moja. Tuliongeza kipande cha pili cha GB 8 kwenye tundu la njia ya pili, tukafika GB 16 ambazo simuleta ya 2020 inapendekeza. Kisha tukateremsha kipimo cha umbali wa maelezo ya ardhi kutoka 200 hadi 100, tukapunguza magari na ndege za watu wengine, na tukaweka vioo vya vyombo katika chumba cha rubani vijichore upya polepole zaidi. Hicho kipimo cha mwisho watu hukisahau, ilhali kwenye ndege kubwa za abiria, vioo vile ni mzigo mzito wa prosesa.

Tukatua tena. Haikuwa laini kama hariri, lakini aliona mistari ya barabara ya kurukia ikimjia mfululizo mpaka magurudumu yakagusa. Gharama ilikuwa RAM ya mtumba na saa moja ya kubofya.

Kama umefanya haya yote na prosesa bado imelemewa, basi ukweli ni kwamba unahitaji kompyuta nyingine, na kadi uliyo nayo utaihamishia huko.

Inaanza vizuri, baada ya nusu saa inavurugika

Hapa pana vyanzo viwili vinavyofanana sana kwa mbali, na ni rahisi kutibu kisicho mgonjwa.

Cha kwanza ni kumbukumbu ya kadi kujaa, ile tunayoiita VRAM. Fungua Task Manager ya Windows ukiwa umesitisha safari, nenda kwenye utendaji, chagua GPU. Utaona kumbukumbu ya kadi yenyewe na chini yake kumbukumbu ya kuazima kutoka RAM. Kadi ya GB 4 ikisoma 3.9 na ile ya kuazima ikiwa inapanda, umeshapata jibu. Picha za ardhi na za ndege zimekosa nafasi, sasa zinapitishwa kwenye madabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, huku na huku. Kadi ya zamani kama GTX 1060 ya GB 6 inasoma kumbukumbu yake yenyewe kwa GB 192 kila sekunde. Njia ya kwenda kwenye RAM kwenye madabodi yenye tundu la kadi la aina ya PCIe 3.0 ni kama GB 16 tu kwa sekunde, tena hapo ni kama kadi inatumia njia zote 16. Ndiyo maana ndege haipungui kasi polepole. Inasimama, inaruka, inasimama, kila unapogeuza kichwa.

Dawa ya bure ni kuteremsha ubora wa picha za uso, zile wanazoziita tekscha, hatua moja au mbili. Macho yako hayataona tofauti kubwa kwenye futi 3,000. Usiteremshe kila kitu pamoja, maana hutajua kilichosaidia.

Cha pili ni joto. Kwenye kidirisha kile kile cha Task Manager kuna nyuzi za kadi. Kadi nyingi za Nvidia huanza kujipunguzia kasi zikikaribia nyuzi 83. Ukiona joto limepanda hadi hapo kisha fremu zikashuka polepole, hilo ni joto. Ukiona joto ni 68 na bado inakatakata, rudi kwenye VRAM.

Msichana mmoja wa Dunga aliniletea mashine ya kaka yake ikiwa na joto la nyuzi 87 dakika kumi tu baada ya kupaa. Mtu yeyote wa Kisumu anawajua wale wadudu wadogo wa ziwani wanaoinuka kwa mawingu kama moshi juu ya maji, kisha jioni wanafuata taa. Kompyuta yao ilikuwa dirishani, na ina taa za rangi ndani. Nilipovua kifuniko cha feni za kadi, kati ya mapezi ya bati nilikuta kitu kama kipande cha blanketi la kijivu. Ni vumbi lililoshikamana na maelfu ya wadudu wakavu, na kilikuwa na harufu ya samaki aliyeanikwa. Kilitoka kizimakizima nilipokivuta kwa kibano. Nyuma yake bati lilikuwa safi linang'aa, hewa haikuwa imepita hapo kwa miezi. Tulisafisha, tukapaka upya ile dawa ya kupitisha joto kati ya chipu na bati, na joto likatulia kwenye 70 na kidogo.

Ukisafisha mwenyewe, shika feni kwa kidole isizunguke unapopuliza, kwa sababu feni inayozungushwa na upepo wa nje inaweza kuharibu beringi zake na hata kurudisha umeme kwenye kadi. Brashi laini ya kupaka rangi inafaa. Kwa walio karibu na ziwa, kata kipande cha wavu wa dirisha, kifunge mbele ya tundu la kuingizia hewa, na ukioshe kila wiki mbili.

Wenzetu wa Eldoret na Nakuru hawana wadudu hawa, lakini wana jambo jingine ambalo rubani yeyote atalielewa upesi. Kiwanja cha Eldoret kiko karibu mita 2,100 juu ya bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na ya Mombasa. Ndiyo sababu mojawapo ndege huhitaji kukimbia zaidi kabla ya kupaa. Hewa hiyo hiyo nyepesi ndiyo feni ya kadi inayoitegemea kubeba joto. Baridi ya Eldoret inasaidia kufidia, lakini ukifungia mashine ndani ya kabati la meza, baridi ya nje haikufaidi.

Kompyuta inazima au kujiwasha upya katikati ya safari

Ikizima papo hapo kama uliyeng'oa plagi, bila ujumbe wowote, usiilaumu simuleta. Programu mbovu hujifunga yenyewe, aghalabu haizimi mashine. Windows ikiwaka, angalia kumbukumbu za matukio (Event Viewer). Ukikuta Kernel-Power namba 41, maana yake mashine ilipoteza uhai bila kufungwa vizuri. Haikwambii ni nini kilichoizima, lakini ukijumlisha na ukweli kwamba inatokea wakati kadi inavuta sana, pawa saplai, kile kisanduku kinachoigawia kompyuta umeme, ndiyo ya kwanza kushukiwa.

Fanya hesabu. Tundu la kadi kwenye madabodi linatoa wati 75 na si zaidi. Plagi ya pini 6 inaongeza 75, ya pini 8 inaongeza 150. RX 580 inavuta kama 185, RTX 3060 inavuta 170, RX 6600 inavuta 132, RTX 4060 inavuta 115. Sasa soma kibandiko cha pawa saplai yako. Nyingi za kompyuta za ofisi ni za wati 240 hadi 300, na hazina plagi ya pini 6 wala 8. Kwa RTX 3060 na 4060 mtengenezaji anapendekeza saplai ya wati 550.

Hapa ndipo mtu huuziwa kebo ya kugeuza, inayotoa umeme kwenye waya wa diski ya SATA na kuuingiza kwenye kadi. Nakusihi usiitumie. Plagi ya SATA imetengenezwa kubeba wati 54 kwenye waya wake wa volti 12. Ukiifanya ibebe mzigo wa plagi ya pini 8, plastiki inayeyuka. Nimeiona nyeusi, imeshikana na diski, na mwenye nyumba alikuwa ametoka kwenda kununua maziwa mashine ikiwa inawaka.

Tena kabla ya kununua saplai mpya, fungua uangalie plagi kubwa ya madabodi. Kuna Dell za kizazi cha 9020 zenye plagi ya pini 8 ya kipekee badala ya ile ya kawaida ya pini 24. Saplai ya dukani haiingii bila kebo maalum ya kugeuza, na hiyo ya madabodi ipo na inafanya kazi vizuri.

Halafu kuna stima yenyewe. Ikiwa taa za nyumba zinafifia jirani akiwasha mashine ya kuchomelea, na kompyuta inazima wakati huo huo, kosa haliko ndani ya kompyuta. UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta, inasaidia, lakini soma uwezo wake kwa wati, usisome namba kubwa ya VA iliyochapishwa mbele. Ya VA 650 kwa kawaida haifiki wati 400. Ukiweka mashine ya kurusha ndege, monita kubwa na ruta juu yake, itapiga kelele na kuzima siku ile ile unayoihitaji.

Ikiwa kioo kinakuwa cheusi lakini sauti ya injini inaendelea, hiyo ni dalili tofauti. Kadi au draiva yake, ile programu inayoiendesha, ndiyo iliyoanguka, kompyuta ingali hai. Anza na draiva: iondoe kabisa kwa programu ya DDU ukiwa kwenye hali salama ya Windows, kisha weka mpya kutoka kwa mtengenezaji wa chipu. Kama uliongeza kasi ya kadi kwa programu yoyote, irudishe ya kiwandani. Ikiendelea kwenye draiva mbili tofauti na saplai nzuri, kadi ni mgonjwa.

Kadi mpya, lakini fremu nane tu

Kabla ya kitu kingine, angalia nyuma ya mashine. Kebo ya monita imechomekwa wapi? Nimepokea simu kutoka Bungoma, Kakamega na hata Molo za watu waliokuwa tayari kurudisha kadi, kumbe kebo imebaki kwenye tundu la zamani la madabodi na picha inachorwa na grafiki ndogo iliyo ndani ya prosesa. Ichomoe, ichomeke kwenye tundu la kadi yenyewe, lile lililolala chini. Kwa wenye laptopu, ingia mipangilio ya grafiki ya Windows uiambie itumie kadi yenye nguvu kwa simuleta yako.

Kama hakuna picha kabisa, ingiza kadi upya mpaka usikie kile kibana cha tundu kikilia, hakikisha plagi zote za umeme zimekaa, kisha tafuta toleo jipya la BIOS, programu ya ndani ya madabodi.

Majengo yameyeyuka, ardhi ni kama matope

Hii ni fupi: ni intaneti. Flight Simulator huvuta picha za ardhi kutoka mbali ukiwa unaruka. Ya 2020 inapendekeza Mbps 20, ya 2024 inapendekeza 50 na inategemea mtandao hata zaidi. Bando la simu likipungua jioni, mtaa wote wa Kondele unageuka uji, hata ukiwa na kadi ya bei ya shamba. Iongezee simuleta nafasi ya akiba kwenye diski, urudie njia zile zile ulizozizoea. Asiyekuwa na mtandao wa kutegemewa, X-Plane inamfaa zaidi, kwa sababu mandhari yake hukaa kwenye diski.

Kadi ya mtumba inafanya kazi chini ya jina lake

Baada ya sarafu ya kidijitali ya Ethereum kuacha uchimbaji kwa kadi za grafiki mnamo Septemba 2022, soko lilijaa kadi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana. Si zote mbovu. Nyingi zinahitaji feni na dawa mpya ya joto tu. Bandia ndizo za kuogopwa. Kuna chipu za zamani sana zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijitambulishe kuwa GTX 1050 Ti. Ukiona 1050 Ti yenye tundu la VGA la rangi ya bluu, iache mezani. Programu ya bure ya GPU-Z inazitambua nyingi, na huandika neno "FAKE" mbele ya jina.

Kuna pia RX 580 iliyoandikwa 2048SP. Hiyo si bandia, lakini si RX 580 unayoifikiria. Ya kweli ina viini vidogo 2,304, hii ina 2,048 sawa na RX 570. Ni kadi nzuri kwa bei ya 570. Muulize muuzaji akufungulie GPU-Z mbele yako kabla ya kutuma M-Pesa. Anayeuza kitu halali hatakataa.

Ukithibitisha ni kadi, basi ipi?

Anza na pawa saplai na kasha lako, kisha monita, ndipo uje kwenye kadi.

Mwenye kompyuta ya ofisi isiyo na plagi za ziada, kadi ninayompendekezea ni RTX 3050 ya GB 6, inayovuta wati 70 na kutosheka na tundu la madabodi. Kuna hata matoleo yake mafupi ya makasha membamba. Usichanganye na 3050 ya GB 8, hiyo inataka plagi. GTX 1650 ya wati 75 ni ya bei nafuu zaidi, lakini GB 4 zinajaa haraka. RX 6500 XT siipendi kwa mashine hizi: ina GB 4, na inatumia njia 4 tu za PCIe. Ikijaa kwenye madabodi ya zamani, inaazima RAM kupitia mlango mwembamba wa GB 4 kwa sekunde.

Mwenye saplai nzuri na monita ya 1080, GB 8 ndizo ningezihesabu kuwa mwanzo. RX 6600 inanipendeza kwa sababu inavuta kidogo na haipigi kelele. RTX 4060 inavuta umeme kidogo hata kuliko hiyo, na ina DLSS, ambayo huchora picha ndogo kisha kuikuza kwa akili. Tahadhari tu: DLSS huweza kutia ukungu namba ndogo za vioo vya rubani, na kwa mwanafunzi wa vyombo hilo si jambo dogo. RTX 3060 ya GB 12 ningeichagua kwa mtu wa X-Plane anayependa kuongeza mandhari za picha halisi, maana hizo hula kumbukumbu kuliko kitu kingine. Kadi za Intel Arc zina thamani nzuri, ila zinataka madabodi yenye uwezo uitwao Resizable BAR. Kwenye mashine ya 2013 zitakuhuzunisha.

Wengi hutumia televisheni ya 4K kama monita. Picha ya 4K ina nukta 8,294,400, mara nne ya 1080, na kadi italipa kwa kila nukta. Iambie Windows itoe 1080, na kwenye televisheni washa hali ya michezo, vinginevyo usukani utakuwa unachelewa na utadhani ni kadi tena.

Siku ya kwenda dukani, piga picha kibandiko cha pawa saplai, plagi zake na ndani ya kasha. Pima kwa rula kutoka bati la nyuma hadi kitu cha kwanza kinachozuia mbele, mara nyingi ni kile kisanduku cha diski, uandike milimita hizo chini ya picha. Kuna kijana wa Nakuru aliyesafirishiwa kadi nzuri sana, ya feni tatu, kwa gari la usiku. Asubuhi iligoma kuingia kwa upana wa kidole kimoja.